Kituo cha Tisa

Aprili 8, Jumatano

Nimefika Montferrel na masanduku mawili. Kuku wanne wamenipokea mlangoni kabla ya paroko. Vikari Mkuu wa jimbo letu, makamu wa Askofu, Monsinyori Rambaud, amenituma nikae hapa mpaka Pentekoste, nimsaidie Padre Anthelme Burdet, mzee wa miaka themanini na mmoja, na nimwandikie ripoti: mzee abaki, au apelekwe kwenye nyumba ya mapadre wastaafu mjini. Watu wa hapa wameambiwa nimekuja kusaidia tu. Mzee naye ameambiwa hivyo hivyo.

Mimi ni mtu wa ofisi ya jimbo, mwaka wa tisa sasa. Nachora ramani za parokia na kuunganisha makanisa yasiyo na watu. Nilimwambia Monsinyori kwamba wiki mbili zingetosha. Akacheka, akaniambia nile jibini nipumzike, na nikirudi kiti cha katibu wake kitakuwa kinanisubiri. Kiti hicho nakitaka, sina haja ya kulificha hilo humu daftarini.

Aprili 9

Nyumba ina baridi. Mzee hawashi stovu baada ya Pasaka, hata inyeshe mvua ya mawe. Nimelala na soksi mbili.

Aprili 11

Kila asubuhi baada ya misa, saa tatu mpaka saa tano, mzee anaingia kwenye kiti cha maungamo na kukaa. Ni sanduku la mbao lenye pazia la zambarau lililopauka. Alhamisi hakuja mtu. Jana hakuja mtu. Leo amekuja paka.

Nilimuuliza kwa nini asikae nyumbani penye kiti kizuri, watu wampigie simu wakimhitaji. Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini duka la mikate linafunguliwa kabla wateja hawajafika.

"Mtu akipata nguvu ya kuja, mwanangu," alisema, "nguvu hiyo haingoji simu ipokelewe."

Nimeandika kwenye daftari la ripoti: saa kumi na mbili kwa wiki bila shughuli.

Aprili 14

Mvua.

Aprili 15

Mvua. Supu ya vitunguu maji kwa mara ya nne.

Aprili 19, Jumapili

Mzee alihubiri dakika tano, habari za mpanzi na mbegu. Baada ya misa nilimkuta sakristia Bi. Perrine Cottavoz, mjane anayetunza kanisa, akikunja nguo za altare. Ulimi wake mkali, na mimi ameshanibatiza "Padre wa Ofisini". Alinieleza kwamba hiyo ya mpanzi huu ni mwaka wa ishirini na sita wanaisikia. Nikamuuliza kama haiwachoshi.

"Ndiyo tunayoikumbuka, Padre. Ya kwako ya Jumapili iliyopita, ilihusu nini vile?"

Nilifungua mdomo. Nilijua nilizungumza kwa dakika ishirini na mbili. Zaidi ya hapo na mimi sikukumbuka.

Aprili 22

Leo lori kubwa lilisimama uwanjani, dereva akaingia kanisani na viatu vyake vya kazi, akakaa kule ndani dakika arobaini. Akatoka macho mekundu, akanunua mkate, akaondoka. Mzee alitoka amechoka kama aliyebeba magunia. Mchana hakula. Kwa upumbavu wangu nikamuuliza kama yule ni mtu wa hapa. Akaniuliza kama naongeza supu.

Aprili 27

Nimeanza kuandika ripoti. Goti la kulia la mzee limekwisha. Macho hayaoni maandishi madogo. Gari analiendesha katikati ya barabara, wa mbele yake ndio wanaompisha. Pendekezo: ahamishwe. Niliandika pia kwamba kumbukumbu yake ni nzuri kuliko yangu, anajua jina la kila mtoto aliyembatiza na la bibi yake. Kisha nikafuta sentensi hiyo, niliona haisaidii pendekezo.

Mei 3

Jumatatu ya Mei 11, siku tatu kabla ya Kupaa Bwana, ni maandamano ya kubariki mashamba ya mizabibu. Mwaka huu yanaangukia siku za watakatifu wa baridi, Mamerti, Pankrasi na Servasi, tarehe kumi na moja mpaka kumi na tatu. Hapa hata asiyemjua Mungu anawajua hao watatu, maana sakitu ya mwisho huja nao, ule umande unaoganda alfajiri na kuunguza machipukizi.

Mzee amenipa orodha ya vituo tisa, iliyoandikwa kwa mkono na paroko aliyemtangulia. Wino umefifia. Ameniomba niipige chapa upya kwa herufi kubwa, asome bila kuhangaika.

Mei 5

Nimeipita njia yote kwa miguu. Vituo vinane viko kwenye mteremko, njia nzuri. Cha tisa kiko chini kabisa bondeni, penye msalaba wa mawe katika shamba la Fulbert Mermillon, na njia ya kushukia ni kokoto tupu. Bi. Perrine anasema Mermillon hajakanyaga kanisani tangu komunyo yake ya kwanza. Mama yake alipozikwa, yeye alisimama nje na mwavuli mpaka misa ikaisha.

Nimepiga orodha yenye vituo vinane. Mzee sijamwambia. Nimejiambia ni kwa ajili ya goti lake, na goti kweli ni bovu. Lakini kusema kweli nilifurahi pia kama ninavyofurahi ofisini: mstari mmoja umeondoka, nusu saa imeokolewa, na aliyepunguziwa si mtu wa kanisa.

Mei 8

Nimemwandikia Monsinyori kwamba ripoti itakuwa tayari mapema.

Mei 11, Jumatatu

Tulikuwa watu kumi na wanne. Bi. Perrine hakuja, ana mafua. Mzee alivaa shingoni stola ya zambarau, na kofia ya sufu, nikamshika mkono wa kulia, tukaimba litania ya watakatifu kutoka shamba hadi shamba. Kila kituo alinyunyiza maji, akataja mwenye shamba kwa jina, na wazazi wa mwenye shamba, na mara moja farasi aliyekufa zamani.

Baada ya cha nane aliigeuza karatasi, akatazama nyuma yake. Palikuwa patupu.

"Nahisi kuna kitu nimeacha," alisema.

"Hapana, Baba. Tumemaliza."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alitazama chini bondeni, kwenye ukungu, akajigusa paji la uso, akaiamini karatasi yangu kuliko kichwa chake. Kisha tukageuka. Watu walitazamana lakini hakuna aliyesema neno, hapa padre akishavaa stola hasahihishwi.

Naandika haya saa kumi na moja jioni. Nimeisoma tena mistari hiyo minne ya maneno yetu. Kukata kituo lilikuwa kosa la karani. Kusema nina hakika ulikuwa uongo.

Mei 12

Upepo wa kaskazini. Watu wote wanatazama angani.

Mei 13, Jumatano

Sakitu imepiga alfajiri. Mashamba ya mteremkoni yamepona, yote manane. La Mermillon limeungua lote. Nililiona asubuhi kutoka barabarani, machipukizi meusi kama majani ya chai yaliyokwishachemshwa.

Nafahamu, kila mtu anafahamu, kwamba baridi hushuka bondeni na kutuama kama maji. Lingeungua hata kama angekuja kulibariki Papa mwenyewe. Lakini kwenye duka la mikate hawakuzungumza habari za baridi. Walizungumza habari za paroko aliyesahau kituo cha tisa. Nilinunua mkate wangu nikatoka.

Bi. Perrine alinifuata mpaka sakristia, pua nyekundu, na akanieleza jambo ambalo siku ile ya Mei tano sikumuuliza. Kila mwaka Mermillon huwasubiri kwenye ule msalaba. Kofia haivui, sala haitikii, mikono ameikunja kifuani. Wakimaliza, anawamiminia wote mvinyo. Mwaka huu alipanga glasi kumi na tano juu ya pipa. Akatuona tunageuka kule juu.

"Yule mzee hajawahi kumsahau Fulbert," alisema. "Ndiyo basi tena. Umri umefika."

Hapo ndipo ningesema. Nilisema nimechelewa kwenye sala.

Mei 14, Kupaa Bwana

Mzee aliadhimisha misa vizuri. Baada ya hapo akatoweka. Saa nane nikamuona akipanda kutoka bondeni na fimbo yake, hatua moja, anapumzika, hatua moja. Alikuwa ameteremka kwa Mermillon peke yake kumwomba msamaha kwa kusahau.

Nilimuuliza Mermillon kasema nini.

"Kasema nikapumzike."

Mei 16

Monsinyori amenipigia simu. Kuna barua imefika kwake, imeandikwa kwa upole, inasema paroko anapoteza kumbukumbu na imekuwa ni masikitiko kwa kijiji. Alisikika kama mtu aliyepewa zawadi. Nikiingiza habari hiyo kwenye ripoti, alisema, hakuna atakayelalamika mzee akihamishwa. Atakuja mwenyewe Jumamosi, mkesha wa Pentekoste, ale mchana nasi na alimalize jambo. Akaniuliza kama afadhali rangi ya ukuta wa ofisi yangu mpya iwe nyeupe.

Nikasema nyeupe ni sawa.

Mei 18

Mzee ameanza kuandika vitu kwenye mkono wake kwa kalamu. Leo ulisomeka: kuku, Bi. Gonnet mgonjwa, funguo. Mara mbili ameniuliza kama sala ya mchana tumeshasali. Kabla ya Mei kumi na moja hakuwahi kuniuliza hivyo. Katikati ya misa alisimama kimya muda mrefu kabla ya jina la askofu, si kwa kuwa alilisahau. Alikuwa anajipima.

Jioni, akimenya viazi, alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba Monsinyori akija atamwomba mwenyewe ampeleke mjini. Padre anayesahau watu wake, alisema, ni hatari kwao. Hakuwa na huzuni ya kuonyesha. Aliendelea kumenya.

Nimemwibia mtu akili yake, na bado ninayo mfukoni. Najichukia leo, na naandika hivyo bila kupamba.

Mei 19

Sikusema.

Mei 20, Jumatano

Saa nne kasoro nilipiga moyo konde nikaingia kanisani. Hakukuwa na mtu. Nikapiga magoti upande wa pili wa pazia. Sikuwa nimeungama kwa miaka miwili, nikaanza na hilo. Kisha nikamwambia yote: kituo nilichokata, uongo niliousema, barua, simu, kiti cha katibu, rangi nyeupe.

Halafu nikasikia anavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Kumbe sikusahau," alisema.

"Hukusahau, Baba."

"Asante, mwanangu."

Nilingoja makaripio, nilikuwa nimeyaandalia majibu. Aliniuliza tu kama ile miaka miwili ilikuwa migumu. Nikalia, jambo ambalo sikulipanga. Mwisho akaniagiza niende kwa Fulbert nimwambie ukweli. "Kwa habari yangu mimi usihangaike," alisema. Malipizi aliyonipa ni Salamu Maria moja, niisali taratibu. Akaniondolea dhambi.

Nilitoka mwepesi. Nilikula vipande vitatu vya jibini.

Mei 21

Nimeamka na jambo ambalo jana sikuliona, na mimi ni padre, kuungamisha ni kazi yangu mwenyewe.

Aliyoyasikia jana ameyasikia kwenye maungamo. Siri hiyo hafungui kwa yeyote. Hawezi kuitumia hata kujitetea, hata kwa ishara, hata kwa kukunja uso. Anajua sasa kwamba akili yake ni nzima na hawezi kumwambia mtu. Kati ya mahali pote duniani pa kumwambia ukweli nimechagua pale ambapo ukweli hauwezi kutoka. Ningemwambia jikoni, akimenya viazi, angekuwa huru. Nilijisafisha na kumfunga mdomo kwa tendo moja.

Je, nilijua? Nimekaa na swali hilo asubuhi nzima. Nadhani sehemu fulani yangu ilijua.

Mzee leo kanawa mkono, haujaandikwa kitu. Anapigia kuku mbinja.

Mei 22

Nimeteremka mpaka nusu ya njia ya Mermillon, nikarudi. Kesho Monsinyori anakuja.

Mei 23, Jumamosi

Bi. Perrine alipika kuku mmoja kati ya wale wanne. Tulikaa mezani watatu, yeye akiingia na kutoka na sahani, polepole kuliko kawaida.

Monsinyori si mtu mbaya, lazima niandike hivyo. Alimuuliza mzee habari za goti, akasifu mchuzi. Kisha akaweka uma chini akasema kwa heshima kwamba mambo ya shamba la Mermillon yamefika jimboni, na kwamba nyumba ya mjini ina bustani nzuri. Mzee alisema sasa hana haja ya kuhama, lakini Askofu akimwagiza atatii. Monsinyori akanitazama. Jumanne, kabla sijaungama, nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba mzee mwenyewe ataomba kuondoka.

"Lakini Baba Anthelme," alisema, "siku ile ulisahau, au hukusahau?"

Mzee alifungua mdomo akaufunga. Angesema alisahau, angesema uongo. Angesema hakusahau, angelazimika kusema aliyajuaje. Akatazama sahani yake.

"Swali hilo, Monsinyori, sina jibu lake."

"Huna jibu? Hukumbuki?"

"Sina jibu."

Monsinyori alinigeukia kwa huruma, kana kwamba anasema, umeona mwenyewe. Bi. Perrine alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la saladi, machozi yanamlenga. Na yule mzee, ambaye neno moja lingemwokoa, alichukua kipande cha mkate akakipaka siagi.

Miaka kumi na miwili ya upadre nimesikia semina nyingi kuhusu mchungaji anavyopaswa kuwa. Nyingine nimeziandaa mwenyewe, na chai ya saa nne. Hakuna hata moja iliyonionyesha kile nilichokiona pale, mtu akikubali kuonekana mpumbavu mezani kwake ili dhambi ya mtu mwingine ibaki mahali ilipoachwa.

"Ni mimi," nilisema.

Mzee alisema upesi, "Gaspard, kula."

"Ni mimi niliyekata kituo cha tisa. Karatasi niliipiga mimi. Aliniuliza kama ameacha kitu, nikamwambia hakuna. Kumbukumbu yake haina kasoro, na nilijua, niliiandika kwenye ripoti nikaifuta."

Monsinyori alisukuma sahani yake kando. Kisha akaniuliza kwa nini sikusema kwenye simu. Nikamjibu kwamba nilikitaka kiti. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Umeniaibisha, Gaspard."

"Ndiyo, Monsinyori."

"Basi kiti hakipo. Wala ripoti siihitaji tena." Alikunja kitambaa chake cha mezani mara nne. "Baba Anthelme abaki. Na wewe baki hapa, paroko msaidizi. Huko mjini sina la kukufanyia."

Alimalizia saladi yake. Bi. Perrine alinipa mimi paja la mwisho la kuku, ambalo kwa desturi ni la mgeni.

Nilidhani ningejisikia shujaa. Nimejisikia kama mtu aliyerudisha alichoiba.

Mei 24, Pentekoste

Baada ya misa nilishuka bondeni. Fulbert Mermillon alikuwa anakata machipukizi yaliyokufa, mtu mpana mwenye kofia ya bluu. Nilimwambia: si mzee, ni mimi. Aliendelea kukata mpaka mwisho wa mstari, nikimfuata nyuma. Ndipo akanyooka.

"Sikiliza, bwana Padre. Mimi hayo maji yenu siyaamini hata kidogo."

"Najua."

"Sakitu ni sakitu. Ingepiga tu."

"Ndiyo."

"Lakini nilipanga glasi kumi na tano. Nikaziosha." Alitema mate pembeni. "Yule mzee kaja hapa na lile goti kuniomba msamaha, na kosa si lake. Na mimi nikamfukuza. Hilo nitamlipaje?"

Akanionyesha chini ya machipukizi meusi macho mengine madogo ya kijani, yale ya akiba yanayochipuka ya kwanza yakifa. Nusu ya mavuno labda, alisema, kama kiangazi kitakuwa na adabu. Halafu akasimama kando ya msalaba wa mawe akakunja mikono, kofia kichwani, akangoja. Ilinichukua muda kuelewa anangoja nini. Maji ya baraka sikuwa nayo. Nilisali bila maji, nikamtaja yeye na mama yake kwa jina. Hakuitikia.

Mvinyo wake ni mkali sana.

Mei 25

Masanduku nimeyatoa vitu, nimeyapeleka darini. Mzee ameniambia kesho saa tatu nitakaa mimi kwenye kiti cha maungamo. Nilimuuliza nifanye nini asipokuja mtu. Alisema nikae.

Mei 26, Jumanne

Simu niliiacha nyumbani makusudi. Saa ya kwanza ni ndefu kuliko nilivyowahi kuandika kwenye ripoti yoyote. Ubao unauma mgongo, miguu inakufa ganzi. Nilisali kidogo, nikapanga upya viti vya kanisa kichwani, nikajirudi, nikasali tena. Nilianza kuwafikiria wale ambao hawaji, mmoja mmoja, kwa majina niliyoyajua, na nikagundua kwamba ni machache sana.

Saa nne na nusu mlango ukalia. Nikasikia fimbo kwenye sakafu ya mawe, hatua moja, kimya, hatua moja. Nikadhani anakuja kuniita chai. Pazia la upande wa pili likavutwa, ubao wa kupigia magoti ukalia, ikafuata pumzi ya mtu anayeshusha goti bovu mahali pagumu.

"Nibariki, Baba," alisema Padre Anthelme, "maana nimekosa."

Nilitaka kumwambia asimame, aketi kwenye benchi, sistahili. Badala yake nilimbariki, nikasogeza sikio karibu na wavu.

Aliyoyasema siyaandiki. Alipomaliza nilimwondolea dhambi, kisha nikatoka upande wangu nikamsaidia kuinuka, maana peke yake asingeweza.